Gitaa la Ziggy Lilikuwa la Nani?

Mapema mwaka wa 1970, mpiga drams anayeitwa John Cambridge alitoka London akaenda mpaka Hull, mji wa bandari na wavuvi kaskazini-mashariki mwa Uingereza, kumtafuta jamaa mmoja waliyewahi kuwa naye kwenye bendi. Alimkuta kwenye uwanja wa raga, lakini bila mpira wala jezi. Alikuwa anachora mistari ya uwanja kwa rangi nyeupe, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake: mfanyakazi wa idara ya bustani ya halmashauri ya mji. Jina lake Mick Ronson, umri wake miaka 23.

Ujumbe wa Cambridge ulikuwa mfupi. Kuna mwimbaji London, David Bowie, anatafuta mpiga solo. Twende.

Ronson hakuruka kwa furaha. London alishaijua. Alikuwa amekwenda huko katikati ya miaka ya sitini, akafanya vibarua vya umekanika huku akipiga na bendi ambazo hazikushika, mwisho akarudi kwao mikono mitupu. Kazi ya halmashauri haikuwa na mbwembwe, lakini angalau ilikuwa kazi. Ilibidi abembelezwe kidogo. Alipokubali, mambo yalikwenda mbio: tarehe 5 Februari, siku chache tu baada ya kukutana na Bowie kwa mara ya kwanza, alikuwa tayari mbele ya maikrofoni za BBC kwenye kipindi cha John Peel, anapiga nyimbo ambazo nyingine alikuwa ndiyo kwanza anazisikia.

Sasa ruka mbele miaka miwili na nusu. Alhamisi, tarehe 6 Julai 1972, kipindi cha Top of the Pops. Bowie amevaa nguo ya rangi zote za upinde wa mvua, nywele zimesimama, nyekundu kama kaa la moto. Anaimba "Starman". Kando yake yuko yule mchora mistari wa Hull, nywele ndefu za dhahabu, suti ya dhahabu, gitaa limening'inia. Kiitikio kinafika, na Bowie anamtupia mkono begani, wanaimba wawili kwenye maikrofoni moja. Ni sekunde chache tu. Lakini kumbuka Uingereza ilikuwa imelegeza sheria ya kuwafunga wanaume kwa kosa la kupendana miaka mitano tu nyuma, na Januari ya mwaka huohuo Bowie alikuwa ameliambia gazeti la Melody Maker kwamba yeye ni shoga. Mkono ule begani ulikuwa na uzito. Boy George, Gary Kemp wa Spandau Ballet, na wengine wengi waliokuja kuwa nyota miaka ya themanini walikuwa watoto mbele ya televisheni jioni ile, na wamesimulia tangu hapo jinsi sekunde zile zilivyowageuza.

Wote walimtazama mwenye mkono. Mimi nataka tumtazame mwenye bega.

Kwanza, hiyo glam roki yenyewe. Kufikia mwisho wa miaka ya sitini, roki ilikuwa imejaa uzito. Wanamuziki walipanda jukwaani na jinzi zilezile walizolalia, wakafunga macho, wakapiga solo ya dakika kumi na tano. Kisha mwaka wa 1971 Marc Bolan wa T. Rex akatokea kwenye televisheni na chenga za kung'aa chini ya macho, akipiga nyimbo fupi za kudansi, na wasichana wakaanza kupiga mayowe tena. Nyuma yake wakaja Slade, Sweet, Roxy Music. Viatu vikapata soli za kimo cha tofali. Wanaume wakajipaka wanja. Wengi wao walikuwa vijana wa familia za vibarua, watoto wa miji ya viwanda na gati, na labda ndiyo sababu walijua thamani ya kutokelezea.

Ronson hakuzaliwa na hamu hiyo. Alizaliwa tarehe 26 Mei 1946 katika familia ya Wamormoni, mtoto aliyefundishwa piano na fidla tangu akiwa mdogo. Alichotaka kuwa ni mpiga selo. Kisha akamsikia Duane Eddy, Mmarekani aliyepiga gitaa la umeme kwa nyuzi nzito za chini, zikinguruma polepole, na kwa masikio ya kijana yule ngurumo ile ilifanana na selo. Hapo ndipo alipohama. Shika jambo hilo, maana tutalirudia: huyu alilifikia gitaa akitokea kwenye ala za okestra, na akilini mwake hakuacha kamwe kuzisikia.

Luku zilimjia kwa kulazimishwa. Tarehe 22 Februari 1970, wiki chache tu baada ya kutolewa Hull, alijikuta jukwaani pale Roundhouse, London, na bendi ya Bowie iliyoitwa The Hype. Kila mmoja alipewa uhusika kama wa katuni. Bowie alikuwa Mtu wa Upinde wa Mvua. Tony Visconti, aliyepiga besi, alivaa kama shujaa wa vitabu vya watoto. Cambridge akawa mchunga ng'ombe wa sinema za Marekani. Ronson akawa jambazi wa suti na kofia. Wapo wanaosema glam roki ilizaliwa usiku ule; mimi naona ni kuipa ukubwa shoo ambayo watu wengi ukumbini hawakuielewa hata kidogo.

Lakini mwaka wa 1972 mchezo ulikuwa mzito zaidi. Bowie alikuwa amembuni Ziggy Stardust, nyota wa roki kutoka angani, na Ziggy alihitaji bendi, nayo ikaitwa Spiders from Mars. Wale buibui kutoka Mars kwa kweli walikuwa vijana watatu wa Yorkshire: Ronson, Trevor Bolder kwenye besi na Woody Woodmansey kwenye drams. Walipoonyeshwa mavazi ya hariri na satini waliyotakiwa kuvaa, Ronson alifunga begi lake, akaondoka kwenye nyumba ya Bowie kule Beckenham, akaenda zake stesheni ya treni. Anarudi Hull. Woodmansey ndiye aliyetumwa kumfuata, na kwa simulizi yake mwenyewe, ilibidi akae naye pale stesheni akimbembeleza mpaka akakubali kurudi. Kilichomaliza ubishi kabisa ni wasichana. Shoo zilipoanza na buibui wakaona jinsi mabinti walivyochanganyikiwa na satini, hakuna aliyetaja treni tena.

Na jukwaani, yule yule aliyetaka kutoroka aligeuka moto. Alikunja uso kila noti ilipopinda. Alipiga magoti, alirusha nywele, alilinyanyua gitaa hewani akiliacha lipige mayowe peke yake. Tarehe 17 Juni 1972, katika ukumbi wa mji wa Oxford, Bowie alipiga magoti mbele yake, akamshika kwa nyuma na kuanza kuuma nyuzi za gitaa huku Ronson akiendelea kupiga. Mpigapicha Mick Rock alikuwepo. Picha ile ilizunguka kote, na hadi leo ukitaka kumweleza mtu glam roki bila kufungua mdomo, unamwonyesha hiyo.

Tuache picha, tuingie kwenye sauti.

Gitaa lake lilikuwa Gibson Les Paul Custom ya mwaka wa 1968. Linatoka kiwandani jeusi tii, linang'aa kama kiatu cha askari wa gwaride. Ronson alikwangua rangi yote ya mbele mpaka kwenye mbao tupu, akiamini mbao zikipumua sauti hunyooka. Fikiria: katika bendi iliyojaa mapambo kuliko zote Uingereza, kitu pekee kilichovuliwa nguo kilikuwa gitaa. Alilichomeka kwenye amplifaya ya Marshall ya wati 200 ambayo waliipa jina la nguruwe, na katikati akaweka pedali ya wah. Pedali hiyo kazi yake ni kuokota kipande kimoja cha sauti na kukipandisha juu ya vingine. Ukiikanyaga mbele na nyuma gitaa linalia kama mtoto. Wengi waliikanyagakanyaga. Ronson aliisogeza hadi mahali alipopapenda, katikati, kisha akaiacha hapohapo. Matokeo yake ni sauti ya puani, yenye makali, inayokata katikati ya drams na piano bila kuongeza kelele. Ukishaijua huwezi kuipoteza. Ni kama kumtambua rafiki kwa kikohozi chake.

Sikiliza solo ya mwisho ya "Moonage Daydream". Bowie amewahi kueleza jinsi walivyoitengeneza: alichukua karatasi na kalamu ya rangi, akachora umbo. Mstari ulionyooka, kisha ukafura kama kipaza sauti, kisha ukapasuka vipande vipande kila upande. Akampa Ronson. Ronson akautazama mchoro ule, akaupiga. Kila nikifikiria jambo hilo nacheka kidogo. Ni nani anayeweza kupewa mchoro wa kalamu ya rangi na kurudisha kitu ambacho miaka hamsini baadaye bado wapiga gitaa wanakihangaikia? Wazo lilikuwa la Bowie, hilo halina mjadala. Lakini wazo lile, bila vidole vile, lingebaki mchoro ukutani.

Na hapo ndipo swali langu linapoanzia.

Watu wengi wanaomjua Ronson wanamjua kwa gitaa. Kazi yake kubwa zaidi, kwa maoni yangu, haina gitaa jingi. Alipoishi kwa Bowie alikaa karibu na Visconti, aliyejua kuandika muziki wa nyuzi, akajifunza kwake, akiongezea mafunzo yake ya utotoni. Mwaka wa 1971, walipoingia studio ya Trident kurekodi Hunky Dory, Visconti alikuwa ameshaondoka. Mwenye kuandika sehemu za fidla na selo sasa alikuwa Ronson. Ndiye aliyeandika nyuzi za "Life on Mars?". Piano ni ya Rick Wakeman, maneno na melodi ni za Bowie. Lakini ule mpando, pale nyuzi zinapoanza kukwea ngazi moja moja chini ya sauti mpaka kiitikio kinafunguka kama pazia la sinema, huo ni mkono wa kijana aliyetaka kuwa mpiga selo. Singo ya wimbo huo ilitoka 1973 na kufika nambari 3 Uingereza.

Agosti 1972, katikati ya wazimu wa Ziggy, Bowie na Ronson walichukua muda kumtengenezea Lou Reed albamu yake ya Transformer, palepale Trident. Reed alikuwa Mmarekani wa New York aliyekuja na nyimbo nzuri na jina ambalo halikuwa likiuza. Baadaye alikiri kwamba lafudhi ya Hull ilimshinda kabisa. Ronson alikuwa akiongea naye anabaki kumtumbulia macho. Hata hivyo alielewa alichokisikia kwenye spika. Piano ya "Perfect Day" ni ya Ronson, na nyuzi zake ni za Ronson. Wimbo huohuo, BBC iliurekodi upya mwaka wa 1997 kwa ajili ya kuchangia watoto, wasanii kibao wakiimba kila mmoja mstari wake, na ukafika nambari moja. Mwenye kuupanga mara ya kwanza alikuwa amefariki miaka minne nyuma.

Sasa, pesa. Wimbo una mtunzi, na kwa kawaida mtunzi ni yule aliyebuni melodi na yule aliyeandika maneno. Hao ndio wenye mrabaha: wimbo ukipigwa redioni, ukitumika kwenye filamu, ukirekodiwa na mwingine, doo inaingia, mwaka baada ya mwaka, na ikibidi mpaka kwa wajukuu. Mpangaji yuko upande mwingine wa ukuta. Anaandika sehemu za fidla usiku kucha, analipwa ujira wake, anaenda nyumbani. Mpiga solo vilevile. Unaweza kubuni ule mlio wa gitaa ambao watu milioni wanauimba kwa mdomo wakioga, na kama jina lako haliko kwenye mabano chini ya jina la wimbo, umetoa zawadi. Kwenye jalada la Hunky Dory imeandikwa kwamba mipangilio ni ya Ronson. Kwenye Transformer ametajwa kama produsa pamoja na Bowie. Heshima hiyo alipewa. Kwenye mabano, hakuna.

Yeyote aliyewahi kukaa studioni na mbogi yake mpaka alfajiri, akaongeza kile kipande kidogo kilichouamsha wimbo mzima, kisha akasubiri kuona jina la nani litaandikwa, anajua ninachoongelea.

Meneja wa Bowie alikuwa Tony Defries, na kampuni yake iliitwa MainMan. Defries alikuwa na falsafa moja: ili uwe nyota ishi kama nyota kwanza, bili zitajijua. Hoteli za kifahari, magari marefu, walinzi. Buibui walilala kwenye hoteli hizo na kulipwa mshahara wa wiki, mshahara mdogo. Walipokuwa Marekani waliongezewa mpiga piano, Mike Garson, mtu wa jazi. Bolder na Woodmansey waligundua kwamba mgeni yule alikuwa akilipwa mara kadhaa ya wanachopata wao, waliokuwepo tangu mwanzo. Wakaenda kudai haki yao. Ronson alikuwa pamoja nao.

Defries alifanya kile ambacho wenye kampuni hufanya. Alimtenga mmoja. Alimwita Ronson kando akamwahidi kwamba anayefuata kufanywa nyota ni yeye, na albamu yake mwenyewe, na mashine yote ya MainMan nyuma yake. Ronson alikubali.

Tarehe 3 Julai 1973, Hammersmith Odeon, London. Usiku mwingine wa Ziggy, filamu ya D. A. Pennebaker inazunguka. Jeff Beck, mpiga gitaa ambaye Ronson alikuwa amemwiga tangu ujana, alipanda jukwaani kupiga nao. Ukitazama picha zile unaona mtu anayejaribu kuficha tabasamu na anashindwa. Kisha, kabla ya wimbo wa mwisho, Bowie aliuambia ukumbi kwamba hiyo ndiyo shoo ya mwisho kabisa watakayofanya. Watoto walilia. Nyuma yake, Bolder na Woodmansey walitazamana. Hawakuwa wameambiwa kitu. Walijua wamefukuzwa kazi wakati uleule mashabiki walipojua.

Ronson alijua. Alikuwa ameshaambiwa mapema na alinyamaza.

Hapa siwezi kumtetea. Hadithi tamu ni ile ya mpole wa Hull aliyenyonywa na wajanja wa London, na sehemu kubwa ya hadithi hiyo ni kweli. Lakini wale wawili walikuwa watu wa kwao, waliovaa satini pamoja naye wakati yeye mwenyewe hakutaka, na Woodmansey ndiye aliyemfuata stesheni. Alipoahidiwa kiti cha mbele, aliwaacha wakae gizani. Mtu anaweza kudhulumiwa na bado akashiriki kudhulumu wenzake.

Na kiti chenyewe cha mbele hakikumfaa. Albamu yake ya kwanza, Slaughter on 10th Avenue, ilitoka mwaka wa 1974 na haikufanya vibaya: nambari 9 Uingereza. Bowie alimsaidia kwa maneno ya nyimbo kadhaa. Gitaa liko juu, mipangilio ni ya kifahari. Kinachokosekana ni mtu mwenye jambo la kusema. Ronson alikuwa na sauti ya kutosha, sura ya kutosha, na zaidi ya kutosha kwenye vidole, lakini alipowekwa katikati ya taa alionekana kama mtu aliyeombwa ashike maikrofoni huku mwenyewe akirudi. Albamu ya pili, Play Don't Worry, ilifuata mwaka wa 1975 na haikupanda mbali. Mradi wa nyota ukafungwa.

Bowie naye alikuwa ameshahama. Kwenye Diamond Dogs sehemu kubwa ya gitaa aliipiga mwenyewe, kisha akaenda Philadelphia kutafuta soul, kisha Berlin. Wale wanaosema Bowie hangekuwa kitu bila Ronson wajaribu kueleza Low na "Heroes". Angekuwa kitu. Lakini asingekuwa Ziggy, na bila Ziggy huenda asingepata nafasi ya kuwa yote yale yaliyofuata. Jambo la ajabu ni kwamba Ronson mwenyewe hakuonekana kuwa mtu wa kuibeba hesabu hiyo moyoni. Alirudi kwenye kile alichokiweza kuliko wengi: kukaa kando ya mtu mwenye nyimbo na kuzifanya zisimame.

Rafiki aliyedumu alikuwa Ian Hunter. Walikutana vizuri Ronson alipojiunga na Mott the Hoople mwishoni mwa 1974, bendi ikavunjika miezi michache baadaye, wao wawili wakaendelea. Walifanya kazi pamoja, kwa vipindi, karibu miaka ishirini. Mwaka wa 1975 Ronson alichukuliwa kwenye msafara wa Bob Dylan, Rolling Thunder Revue. Wapiga gitaa na fidla wa Kimarekani wenye kofia za shamba, na katikati yao Mwingereza mmoja wa nywele za dhahabu ambaye glam haikuwa imemtoka. Mwaka wa 1977 alimwoa Suzi Fussey, msusi wa Beckenham aliyezikata na kuzipaka rangi zile nywele nyekundu za Ziggy. Nywele na gitaa, vitu viwili ambavyo kila mtu anavikumbuka kwa Ziggy, vikaishia kwenye ndoa moja.

Hela haikuwa ikikaa. Alifanya kazi na majina makubwa na majina ambayo hujawahi kuyasikia, na hakuonekana kutofautisha. Mwaka wa 1982 John Mellencamp alikuwa na wimbo unaitwa "Jack & Diane" ambao alikuwa amekata tamaa nao. Ronson ndiye aliyemwambia asiutupe, akapendekeza vipigwe vinjuga vya watoto wachanga, na katikati ya wimbo ala zinyamaze, waingie watu kuimba kama kwaya. Mellencamp alidhani anachekeshwa. Wimbo ulikaa nambari moja Marekani kwa wiki nne. Mellencamp, tumpe haki yake, amekuwa akilisimulia jambo hilo wazi.

Mwaka wa 1991 madaktari walimkuta na saratani ya ini isiyoweza kupasuliwa. Alikuwa na miaka 45. Kilichofuata ni miezi kama ishirini ya kazi. Alimtayarishia Morrissey albamu ya Your Arsenal, iliyotoka 1992, na kwenye albamu ile ule ukali wa zamani umerudi: magitaa yanauma. Alianza albamu yake ya tatu. Na tarehe 20 Aprili 1992 alipanda jukwaa la uwanja wa Wembley, mbele ya watu zaidi ya elfu sabini, kwenye tamasha la kumkumbuka Freddie Mercury.

Freddie, kama unavyojua, alikuwa mtoto wa Unguja, Farrokh Bulsara, mzaliwa wa Mji Mkongwe. Alizaliwa Septemba 1946. Ronson alikuwa amezaliwa Mei ya mwaka huohuo. Vijana wawili wa rika moja, mmoja wa bandari ya Bahari ya Hindi, mwingine wa bandari ya Bahari ya Kaskazini, wote waliofika London na kujipaka wanja. Mmoja alikuwa ameshafariki Novemba 1991. Mwingine alisimama pale akijua. Walipiga "All the Young Dudes", Hunter akiimba, Bowie akipiga saksafoni na kuitikia, kisha "Heroes". Bowie na Ronson jukwaani pamoja, jambo ambalo tangu 1973 lilikuwa limetokea kwa nadra sana. Amevaa suti, amekonda, gitaa liko chini kidogo kiunoni kama zamani. Solo ilipofika, alikunja uso vilevile.

Aprili 1993 ilitoka albamu ya Bowie, Black Tie White Noise, na Ronson yumo, kwenye wimbo mmoja, "I Feel Free". Tarehe 29 ya mwezi huohuo alifariki London. Alikuwa na miaka 46. Albamu yake ya tatu, Heaven and Hull, marafiki waliikamilisha, ikatoka mwaka uliofuata. Wakati huo wenzake walifanya tamasha la kumkumbuka palepale Hammersmith, Bowie hakutokea. Watu wameandika mengi kuhusu kutokuwepo huko, mimi sitaongeza.

Ukitaka kumsikia Ronson leo, usianzie kwenye solo. Vaa hedifoni, tafuta "Life on Mars?", ongeza sauti, na usiizime wimbo ukiisha. Nyuzi zinafika kileleni, zinashuka, kimya kinaingia. Kisha, mbali sana, simu inaanza kulia. Ni simu ya studio ya Trident, iliyolia na kuharibu rekodi ya awali iliyokuwa inakwenda vizuri, na mkia wa rekodi hiyo ukabaki kwenye utepe chini ya ile mpya. Ukisikiliza kwa makini kuna mtu chumbani amekasirika, anatukana kwa lafudhi ya Hull.